Nimeacha kwenda matamasha ya mashabiki, hela naiweka kwenye safari. Sasa nawaza hata kufanya kazi huko huko

Kete_Mbili (mtoa mada)

Wakuu, habari za humu.

Wenzangu wa gemu za mezani wameanza kuniuliza kama nimeshashika tiketi ya tamasha la mwaka huu. Sijashika na sishiki. Hela yote ya tamasha, pamoja na siku za likizo, naihamishia kwenye kutembea nchi za watu. Naweka hoja zangu hapa mzichambue, na mwishoni nina swali kwa mliowahi kufanya kazi nje.

Kabla hamjanirushia mawe: matamasha siyadharau. Comiket ya Tokyo ilianza Desemba 1975 na vikundi 32 tu vya wachora katuni na wageni kama 700. Leo inajaza ukumbi wa Tokyo Big Sight mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba. Gen Con, tamasha la gemu za mezani la Marekani, ilianzia Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1968, sasa iko Indianapolis na inapokea watu zaidi ya 70,000. SPIEL ya Essen kule Ujerumani, nayo ya gemu za mezani, ipo tangu 1983. Haya yote yalianzishwa na watu wa aina yetu, wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine ya kukutana na mtu mwenye wazimu kama wako.

Ila pigeni hesabu ya muda. San Diego Comic-Con, tamasha la katuni na filamu kule Marekani, inaingiza watu zaidi ya 130,000, na ule ukumbi maarufu wa Hall H una viti elfu sita na ushei. Ndiyo maana watu wanakesha nje. Mtu anavuka bahari, anakanyaga zulia la ukumbi siku nne, anakula akiwa kwenye foleni, anarudi uwanja wa ndege. Muulize mji wenyewe ukoje, atakuonyesha mfuko aliojaza mabango.

Na mengi tunayoyafuata huko yapo mwaka mzima. Kyoto, Japani, kuna jumba la makumbusho ya manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) lililofunguliwa 2006 ndani ya iliyokuwa shule ya msingi. Limezungukwa na rafu zenye urefu wa kama mita 200, vitabu karibu 50,000, na unaruhusiwa kuchukua chochote ukasome. Sakafu za mbao zinalia ukipita. Nje kuna nyasi, watu wamelala chali na vitabu usoni, watoto kwa wazee, hakuna anayekuuliza unamaliza saa ngapi. Brussels wana jumba la katuni kwenye jengo la msanifu Victor Horta la mwaka 1906, lilikuwa duka la vitambaa. Angoulême, Ufaransa, tamasha lao la katuni linaanzia 1974 na kwa kawaida ni siku chache za Januari, lakini kuta za mji zimechorwa katuni na zinabaki pale pale ukija Juni. Wapenzi wa treni ndogo za mfano, Hamburg kuna jumba lao, Miniatur Wunderland, tangu 2001.

Hayo ya makumbusho lakini ni kionjo tu. Kilichonigeuza kichwa ni zile siku ambazo sikuwa na ratiba yoyote ya hobi. Nguo safi zimekuishia, lazima ufue. Tokyo nikaingia kijumba cha mashine za kufulia, hakuna mhudumu, maandishi yote ya kwao. Nikataka kumwaga sabuni, bibi mmoja akanizuia mkono na kunionyesha kibandiko: mashine inajiwekea sabuni yenyewe. Kesho yake nikapanda treni ya saa mbili asubuhi pamoja na wanaokwenda kazini. Mmebanana kiasi kwamba ukiachia mkoba haudondoki, na ndani ni kimya, mtu hasemi. Nikajiuliza: hii naiweza Jumatatu hadi Ijumaa?

Hilo swali tamasha haliwezi kukuuliza. Pale kila kitu kimepangwa ili shabiki ajisikie yuko kwao. Safari inakupa siku za kawaida, na kwa anayewaza ajira ng'ambo, siku za kawaida ndizo zenye habari.

Swali sasa: nimeanza kuwaza kazi nje, Japani au Ujerumani. Waliopita huko, leteni ya ukweli. Siyo ya kwenye video.

---

Mchezo_Umeisha

Mtoa mada sema tu tiketi umekosa 😂

---

Kete_Mbili

Haha mkuu, za mwaka huu hata foleni ya mtandaoni sikuingia.

---

Sindano_na_Uzi

Mimi nakupinga, na napinga kwa nguvu.

Umeongelea tamasha kana kwamba ni duka na maonyesho. Kwa sisi tunaoshona mavazi ya kosplei, yaani kuvaa kama wahusika wa katuni na gemu, tamasha ni watu. Naenda nikiwa na vazi nililokesha nalo miezi, anakuja mwenzangu ananigeuza begani na kusema, "hapa ungekata kitambaa kwa mshazari kisingevuta." Jumba gani la makumbusho litanipa huyo mtu? Kuna wenzangu wanaishi nchi nyingine kabisa na sijawahi kukutana nao popote isipokuwa kwenye korido za ukumbi, na ni watu ninaowapigia simu nikifiwa.

Halafu wasanii. Ile safu ya meza za wachoraji wadogo kwa wengi wao ndiyo mshahara. Hela unayoipeleka kwenye hoteli na ndege hawaioni. Wewe umetoka kuona kuta zilizochorwa Angoulême, vizuri, na aliyezichora umemwona?

Hiyo ya mashine ya kufulia imenichekesha, lakini sijui kama bibi wa sabuni anatosha kunifanya nihame nchi.

---

Kete_Mbili

Dada, ya wasanii umenibana, nakubali. Meza za wachoraji wadogo sina jibu lake zaidi ya kununua kwao moja kwa moja mtandaoni, na hiyo si sawa na kununua uso kwa uso.

Ya watu ndiyo natofautiana kidogo. Ninayoyaacha ni yale makubwa ya kuvuka bahari. Vijitamasha vya watu mia mbili ambapo unamkuta mtu yule yule kila mwaka sitaacha, na nadhani hicho unachokisifia kinapatikana huko kuliko kwenye ukumbi wa watu laki moja. Na ukisafiri bila tamasha bado wenzako utawapata. Karibu kila mji mkubwa una kikundi cha gemu kinachokutana jioni moja kwa wiki, unatuma ujumbe kabla, unaomba kiti. Chagua gemu isiyo na maandishi kwenye kadi, lugha haitakusumbua. Mezani watu wanakutendea kama mtu aliyekuja kucheza, na baada ya raundi mbili wanaanza kukueleza kodi ya nyumba na bosi wao. Habari za bosi wa mtu ukumbini huzipati, kila mmoja yuko likizo.

Na bibi wa sabuni nitamtetea hadi mwisho.

---

Rubani_wa_Karatasi

Nimefanya kazi Japani kama mwalimu msaidizi wa Kiingereza, kupitia JET, mpango wa serikali ya Japani wa kuleta vijana wa nje mashuleni. Nitaandika kirefu kwa sababu watu wananiuliza haya kila mara.

JET ipo tangu 1987. Unahitaji shahada, ya fani yoyote. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, unaweza kuongezwa hadi jumla ya miaka mitano. Kitu ambacho mashabiki hawakitegemei: kituo hukichagui. Unaweza kuandika unataka Tokyo ukapelekwa mji wa mashamba ya mpunga ambako basi la mwisho linaondoka jioni mapema. Mimi nilikuwa mbali. Akihabara, ule mtaa wa Tokyo wa maduka ya katuni na gemu, nimefika mara chache kuliko watalii wa wiki mbili, na sisemi kwa kulalamika. Ukifanya kazi unachoka, Jumamosi unataka kulala.

Njia ya pili inayozungumzwa sana ni ile hadhi ya ukaazi ya Tokutei Ginō (ujuzi maalum), iliyoanza Aprili 2019 kwa sekta zenye upungufu wa watu: kutunza wazee, kilimo, ujenzi, mikahawa na nyinginezo. Unafanya mtihani wa ujuzi na mtihani wa lugha, kwa kawaida kiwango cha N4, ngazi ya pili kutoka chini. Ngazi ya kwanza ya hadhi hiyo kwa kawaida kikomo ni miaka mitano kwa jumla, na familia huruhusiwi kwenda nayo. Hilo la familia watu wanaligundua wakiwa wameshasaini.

Kuhusu lugha: mtihani wa Kijapani wa JLPT una ngazi tano, N5 ya chini hadi N1 ya juu, na hufanyika Julai na Desemba, ingawa nje ya Japani nchi nyingi zina mara moja tu. Lakini JLPT haipimi kuongea wala kuandika. Nimekutana na watu wenye N2 wasioweza kupiga simu kwa mwenye nyumba. Kama unaniuliza wapi pa kuanza, anza na simu.

Mzunguko wa wiki ya kwanza nao ujue. Ukishapata makazi una siku 14 za kuandikisha anwani yako kwenye ofisi ya manispaa, unaandikiwa nyuma ya kadi ya ukaazi. Benki inataka namba ya simu. Kampuni ya simu inataka anwani, na mara nyingi akaunti ya benki. Mwenye nyumba anataka mdhamini, na ukikosa unalipia kampuni ikudhamini. Juu ya hapo kuna reikin, hela anayopewa mwenye nyumba na hairudi, siyo amana. Mwajiri mzuri anakupeleka kwenye ofisi hizi mwenyewe siku ya pili. Kabla ya kusaini, mwulize waziwazi nani atakayekwenda nawe. Jibu lake litakuonyesha utakavyoishi.

Mtoa mada, hoja yako ya siku za kawaida nakubaliana nayo, ila treni ya saa mbili uliyopanda ilikuwa ya kuonja. Rudi upande nayo ukiwa na mafua.

---

Kinanda_Kibovu

Naomba kuuliza kama mgeni. Siwezi kwenda na viza ya utalii, nikapata kakibarua kwenye kibanda cha tamasha au duka la gemu, nikalipwa kidogo, halafu nikishazoea ndiyo nibadilishe viza? Naona wanaosema wamefanya hivyo.

---

Mzee_wa_Reli

Usifanye, kijana wangu.

Japani mgeni wa muda haruhusiwi kufanya shughuli ya kulipwa. Marekani viza ya B ni ya matembezi na shughuli za kibiashara kama mikutano, kuajiriwa hairuhusu. Eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, unapewa siku 90 ndani ya kila siku 180, na kazi yoyote inafuata sheria za nchi husika. Hata "nasaidia tu kibandani napewa chakula" inaweza kuhesabika kazi. Ukikamatwa, aliyekupa kibarua atalipa faini na kuendelea na maisha, wewe utakuwa na rekodi ya kufukuzwa ambayo kila fomu ya viza itakuuliza habari zake hadi uzeeni.

Ujerumani naifahamu zaidi, kwa hiyo nitaongelea hiyo. Tangu Juni 1, 2024 kuna Chancenkarte, kadi ya kutafutia kazi ukiwa humo humo nchini kwa hadi mwaka mmoja. Wakati unatafuta unaruhusiwa kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki. Kama cheti chako kimetambuliwa kikamilifu Ujerumani, unapita moja kwa moja. Kama hakijatambuliwa hivyo, unahitaji shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi ulikosomea, lugha angalau Kijerumani A1 (cha mwanzo) au Kiingereza B2 (cha juu ya wastani), na pointi sita kutoka kwenye vigezo vyao: umri, uzoefu, lugha, kuwahi kukaa Ujerumani kihalali na kadhalika. Na uonyeshe una hela ya kujikimu. Hapo ndipo wengi wanakwama, siyo kwenye pointi.

Jambo la kufanya leo, kabla hujatumia hata senti: fungua hifadhidata ya Anabin, inaonyesha chuo chako na shahada yako wanavyoiona Wajerumani. Nimeona watu wakisoma lugha mwaka mzima ndipo wanaangalia, wanakuta chuo hakimo kwenye ngazi inayotakiwa. Kuangalia hakuchukui hata nusu saa.

Mtoa mada, safari za mapumziko unazozisifia zina faida moja ambayo hujaitaja: muhuri wa kuingia na kutoka kwa wakati. Afisa wa viza akiona ulikwenda na ukarudi kama ulivyoahidi, maombi yanayofuata yanasomeka tofauti.

---

Sindano_na_Uzi

Mzee hapo kwenye mihuri na mimi nimenufaika nayo, na yote ni ya matamasha 😌 Naomba iingie kwenye kumbukumbu.

---

Kete_Mbili

Imeingia dada.

---

Chungu_cha_Rangi

Mimi nataka kuongelea mawakala maana naona hawajatajwa na ndiko watu wanakoumia.

Jamaa yangu alitafutiwa kazi na wakala mmoja. Tangazo limejaa picha za wahusika wa katuni, "ishi ndoto yako kwenye nchi ya anime", yaani filamu za katuni za Kijapani. Akalipishwa ada ya usajili, ada ya mahojiano, ada ya "kuhifadhi nafasi". Alipofika, kazi ilikuwa ya kufungasha vyakula usiku, na mshahara ulikuwa unakatwa chumba, usafiri na sare. Mkataba aliousaini ulikuwa wa lugha asiyoisoma. Walimwita shabiki kwa sababu walijua shabiki haulizi maswali.

Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 181 wa mwaka 1997 kuhusu wakala binafsi wa ajira. Kifungu cha 7 kinakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, isipokuwa kwa misamaha maalum. Siyo kila nchi imeuridhia, lakini ni kipimo kizuri: kazi halali, gharama ya kukutafuta ni ya mwajiri. Ukiona ada zinapewa majina mapya kila wiki, ondoka.

Pia pasipoti yako usimwachie mtu "akutunzie". Na soma stika ya viza mwenyewe, iandikwe aina ya kazi unayokwenda kufanya. Kama imeandikwa utalii au masomo na wewe umeahidiwa ajira, swali limejibiwa.

---

Rubani_wa_Karatasi

Naongezea hapo. Ukiona tangazo la kazi linatumia hobi yako kama mshahara, omba kiasi kinachobaki baada ya makato kwa maandishi. Studio za katuni nazo zimo humo, wanaoanza kwenye uhuishaji Japani wanajulikana kwa malipo madogo na saa nyingi. Kupenda katuni na kuishi kwa kuchora katuni za watu wengine usiku ni mambo mawili.

---

Kinanda_Kibovu

Asanteni wazee. Na ile ya kufanya kazi mtandaoni ukiwa huko? Mwajiri yuko nchi nyingine, wewe unapiga kompyuta ukiwa Tokyo.

---

Mzee_wa_Reli

Japani walianzisha hadhi ya wafanyakazi wa mtandaoni mwishoni mwa Machi 2024. Miezi sita, haiongezwi papo hapo, wanataka kipato cha yen milioni 10 kwa mwaka na bima, na uraia wako uwe kwenye orodha yao ya nchi. Wengi tunakwama kwenye hiyo orodha. Viza ya likizo na kazi nayo ni hivyo hivyo: ni makubaliano ya nchi na nchi, kawaida umri 18 hadi 30, usianze kuota kabla ya kuangalia kama nchi yako imo.

---

Kete_Mbili

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nilipofikia ni hivi.

Sitatafuta kazi kwa sababu ya hobi. Rubani na Chungu wamenimalizia hilo. Nitatafuta kazi ya fani yangu, nchi ambayo hobi ipo ya kutosha kunifurahisha jioni. Anabin nimeshafungua wakati naandika hapa: chuo kimo, shahada bado naitafuta kwenye orodha. Safari ijayo siendi tena kama mtalii mtupu. Nitapanga chumba mbali na katikati ya mji, nitaenda kuangalia vyumba vya kupanga kama mtu anayehamia, nitapanda treni ya wafanyakazi wiki nzima hata kama sina pa kwenda, na nitajaribu kupiga simu badala ya kunyoosha kidole. Jioni gemu.

Dada Sindano, na nitaangalia kama kuna kijitamasha kidogo mji huo wiki hiyo. Nikikuta mchoraji mezani nitanunua.

Swali la mwisho kwa Rubani: mwezi gani kwa Japani?

---

Rubani_wa_Karatasi

Epuka mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, sikukuu zao zinafuatana na nchi nzima iko barabarani. Epuka katikati ya Agosti, ni Obon, sikukuu yao ya kuwakumbuka marehemu, tena Comiket ya kiangazi inaangukia humo humo, vyumba vya Tokyo vinakuwa shida na joto linaua. Septemba kuna vimbunga. Novemba ni nzuri, watu wako kazini, utawaona wakiishi. Pasi ya reli ya JR, ile ya watalii ya kupanda treni nchi nzima, usiinunue kwa mazoea, ilipandishwa bei kwa zaidi ya nusu Oktoba 2023. Ukikaa mji mmoja haikulipi.

Na vyumba vya kupanga ofisi nyingi hazikuonyeshi bila miadi. Weka miadi kwa simu. Hilo liwe zoezi lako la kwanza.

---

Kete_Mbili

Kwa simu tena, mkuu? Haya. Niandikie sentensi ya kuanzia basi.

---

Rubani_wa_Karatasi

Nakutumia inbox. Na sitakuwekea matamshi, utayatafuta.